Goli Nililolibariki Lusangi

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mgongo hauniumi na meno yote yako mahali pake, lakini nimestaafu, na mtu akistaafu ana haki ya kuwachosha wadogo zake kwa habari za kazi yake. Mimi nilikuwa muombeaji wa timu ya mpira ya shule yetu ya misheni, hapa Kasongo. Kabla ya kila mechi nilitoa neno fupi la imani, nikaiombea miguu ya watu kumi na mmoja, kisha nikakaa kando kutazama jinsi miguu hiyo inavyokataa kuombewa. Sasa niko mwaka wa sita, mtihani wa serikali unanisubiri, na watu wa mwaka wa sita hawaruhusiwi kupotezea timu muda. Nafasi yangu imechukuliwa na Neema wa mwaka wa tatu. Haya namuandikia yeye, na wote watakaokuja nyuma yake.

Sitasema habari za kupanda cheo. Juu ya muombeaji kuna Mungu peke yake, na nafasi ile haijawahi kuwa wazi. Mshahara ulikuwa chungwa la mapumziko, tena lile la mchezaji aliyeumia.

Kwanza nilikuwa mchezaji. Beki wa kushoto, mechi moja. Mpira ulikuja juu, nikaona niurudishe kwa kichwa kwa Kalonda, kipa wetu, kwa upole na heshima. Uliingia golini kwetu kama umetumwa. Kalonda alinitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Sikumlaumu, nikavua jezi.

Juma lililofuata, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimesimama juu ya dawati nikimuigiza padri wetu wa parokia: namna anavyovua miwani, anavyoifuta, anavyoshusha pumzi, kisha anasahau alikuwa amefikia dhambi gani. Darasa zima lilikuwa linalia kwa kicheko. Halafu wote wakanyamaza mara moja, na mimi, kwa kiburi, nikadhani mahubiri yamewaingia. Nikageuka. Mlangoni alisimama Papa Prefe, mkuu wa shule yetu.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza, Papa Prefe."

"Hapana, hujamaliza. Hiyo sauti Mungu alikupa, na timu yangu haina mutu wa kuiombea. Kuanzia leo utaiombea mpaka mudomo uchoke."

"Papa Prefe, mimi si mutu wa maombi."

"Nao si watu wa mupira. Mutasikilizana."

Ndivyo nilivyoitwa kwenye utume. Wengine husikia sauti jangwani.

Siku ya kwanza tulicheza na vijana wa Nyangwe, watoto wa wavuvi, mikono mirefu, miguu inayojua kusimama mtumbwini bila kutikisika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Niliwapigisha wachezaji wetu magoti katikati ya uwanja, nami nikapiga magoti juu ya kipande cha kitenge cha mama, maana kila kazi ina vyombo vyake. Nikaanza. Niliombea wachezaji, nikaombea mpira, nikaombea nyuzi zilizoushona mpira, nikaombea arbitre, nikaombea na mke wa arbitre. Nilipofika kwa wakwe zake, arbitre akapiga filimbi. Wachezaji wetu waliinuka na magoti yamekakamaa kwa baridi. Goli la kwanza la Nyangwe liliingia wakati Ramazani, mshambuliaji wetu, bado anajikanda mguu.

Baada ya mechi kochi wetu aliniita. Ni Mwalimu Shabani, anatufundisha hesabu, naye ni Mwislamu.

"Weye Padri Mudogo, kuja hapa. Ulikuwa unamuomba Mungu ao unamufundisha mupira?"

"Namuomba, Mwalimu."

"Basi mwambie kidogo tu. Iko anajua kwamba mupira ni wa duara."

Jina la Padri Mudogo likanishika tangu siku ile. Yeye mwenyewe Mwalimu Shabani kabla ya mechi hufungua viganja, hutembeza midomo kidogo, hupangusa uso, basi, imekwisha, wakati mimi bado natafuta neno la kuanzia. Kila ninachojua juu ya urefu wa sala ya Kikristo nilifundishwa na Mwislamu. Neema, usicheke, utamkuta palepale.

Chombo changu kikubwa kilikuwa chupa ya maji ya baraka niliyojazia parokiani. Hiyo chupa zamani ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Niliisuuza kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni, lakini maji yale yaliendelea kunukia kikohozi. Kumbuka harufu hiyo. Mimi niliisahau, ikaja kunikumbuka yenyewe.

Katika mwaka wa kwanza wa kazi nilitafuta masomo ya ushindi kila mahali. Siku moja nilihubiri Daudi na Goliati, kwa mikono na kwa macho, mpaka nikajitisha mwenyewe. Nikamalizia kwa kunyoosha kidole upande wa wapinzani: "Na Goliati wenu ni yule pale!" Wote wakageuka. Pale walisimama vitoto vya shule nyingine, mrefu wao akimfikia Ramazani kifuani. Huyu Ramazani, pamoja na jina lake, ni mtumishi wa altare, na Biblia anaijua.

"Padri Mudogo," akaninong'oneza, "mbona Goliati ni sisi?"

Alisema kweli. Tulianguka kifudifudi vilevile.

Mara nyingine nikachukua kuta za Yeriko. Niliizungusha timu uwanja mzima mara saba, tukiimba, ili ngome ya wapinzani ianguke. Katika mzunguko wa mwisho watu wawili walikuwa wanatapika. Ngome ya wapinzani ilibaki imekaa kivulini, inakula karanga. Kochi wao alikuja kumshika Mwalimu Shabani mkono, akamshukuru.

Wakati wangu wote wa kazi hatukuwahi kushinda. Tulipata sare kidogo, na sare hizo zilitoka kwa mvua, siyo kwangu. Lakini katikati ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kimoja nilichokiona bila kukielewa. Kalonda, akifungwa, hakulala chini, hakumtukana beki. Aligeuka, akaufuata mpira popote ulipokwenda, kwenye karanga za watu, kwenye mfereji, akarudi nao mbio hadi katikati ya uwanja. Goli la kwanza, mbio. Goli la sita, mbio vilevile. Siku moja nilimuuliza:

"Ndugu yangu, tunakula sita. Unakimbilia nini?"

"Wakati," akasema. "Nikitembea, nawalia wakati wenzangu."

"Na sita utairudisha?"

"Mimi sijui. Bado filimbi."

Nilidhani ni ujinga. Nilimtengenezea hata wimbo wa kumcheka, darasa likaupenda sana. Mwalimu wangu wa imani alikuwa anapita mbele yangu na mpira mkononi, nami nikawa natafuta mafundisho Yeriko.

Mwaka wa pili wa kazi yangu ulipokaribia mwisho, Papa Prefe alituita wote uwanjani. Alikuwa ameshika jembe. Mkuu wa shule akiwa na fimbo, unajua hali yako. Akiwa na jembe, hujui kitu.

"Huu uwanja," akasema, "ni udongo muzuri. Wanafunzi wa internat, wale wanaolala hapa shuleni, wanakula kidogo, na hapa kwa kila juma nalisha aibu tu. Mechi ya mwisho ni Lusangi. Mukishinda, uwanja ni wenu, sitausema tena. Mukishindwa, nalima mihogo, toka goli hii mpaka goli ile."

Ramazani aliinua mkono. "Papa Prefe, na tutacheza wapi?"

"Mutakula sombe ya mihogo hiyo, mutasahau."

Usione ni jambo dogo. Uwanja mwingine wa karibu ni wa watu wakubwa, hawatupi hata kona. Kwa Kalonda uwanja ule ulikuwa zaidi ya shule; alikuwa anafika kabla ya kengele kung'oa majani mbele ya goli lake, kama mwanamke anayefagia kiwanja cha nyumba. Siku ile alikwenda akasimama kati ya milingoti yake, akaugusa mmoja, akaugusa wa pili. Usiku sikulala vizuri, jambo ambalo halijawahi kunitokea kwa sababu ya mpira, wala kwa sababu ya Mungu.

Kwenda Lusangi tulipanda kamyo la mchele lililokuwa linapeleka chakula Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Tulikaa juu ya magunia. Kila shimo la njia lilitupandisha na kutushusha, na Mwalimu Shabani akatumia nafasi hiyo kutueleza habari za pembe. Mimi nilikuwa nimekumbatia chupa yangu. Nilikuwa na mpango, na safari hii haukuwa wa maneno.

Tulipofika, wengine wakaenda kunywa maji, nami nikaenda moja kwa moja kwenye goli la upande wa barabara, ambalo Mwalimu alisema tutaanza kulilinda. Nikalizunguka. Nikamwagia mlingoti wa kulia, nikamwagia wa kushoto, nikarusha matone juu, yakanirudia usoni. Nikaomba kwa nguvu zangu zote, na kwa mara ya kwanza kwa ufupi: "Bwana, katika goli hii kusiingie kitu. Hata kimoja. Leo, mpaka mwisho wa mechi. Amina."

Kipindi cha kwanza, jamani, ningetamani mungekuwepo. Vijana wa Lusangi wengine walikuwa wachimbaji, mabega kama milango. Walipiga mashuti ya kuua. Moja likagonga mlingoti wa kulia, jingine mlingoti wa kushoto, jingine likampiga Kalonda usoni bila yeye kuwa na habari. Hakuingia hata mdudu. Nilikuwa natembea kando ya mstari na mikono nyuma, kama askofu anayekagua kanisa alilolijenga.

Ikafika mapumziko. Sifuri kwa sifuri. Nikapewa chungwa zima, la mtu mzima wa afya. Nilikuwa natema mbegu ya kwanza nilipoona timu zinarudi uwanjani, na Kalonda anatembea. Anatembea kwenda upande mwingine.

Nikauliza, "Huyu anakwenda wapi?"

Ramazani akanitazama. "Kwenye goli yake. Tumebadilisha upande."

Muniamini. Miaka miwili nimekaa kando ya uwanja, nimeona timu zikibadilisha upande katika kila mechi, na jambo hilo halikunijia hata mara moja. Kipa wa Lusangi, kijana mnene mwenye tabasamu, alikuwa anajinyoosha katikati ya milingoti yangu. Nilikuwa nimesema mpaka mwisho wa mechi. Maneno hayo niliyatamka mimi mwenyewe.

"Ramazani," nikamwambia, "ile goli nimeifunga."

"Umeifunga namna gani?"

Nikamueleza. Alifumba macho kama mtu anayehesabu mpaka hasira ishuke. "Basi nenda uifungue," akasema, "ama nitakufungua weye."

Kipindi cha pili kilianza, na goli lile likafanya kazi yake kwa uaminifu ambao mimi mwenyewe sijawahi kuonyesha. Ramazani akagonga mlingoti wa kulia. Akagonga wa kushoto. Shuti la tatu lilikuwa linaingia kabisa, likakutana na jiwe dogo kwenye mstari, likageuka kama limeitwa nyumbani. Nikaona mihogo. Nikaiona inaota hapo Kasongo mbele ya macho yangu, na Kalonda amesimama katikati hana mahali pa kuweka mikono. Nikazunguka uwanja kimyakimya, nikafika nyuma ya goli la Lusangi, nikapiga magoti, nikatoa chupa, nikaanza kunong'ona.

Sasa jiweke mahali pa watu wa Lusangi. Mgeni kutoka Kasongo, amejikunja nyuma ya goli lako, ana chupa, anatembeza midomo.

"Muchawi!"

Mkono ulinishika shati, mwingine ukaninyang'anya chupa. Mchimbaji mmoja mwenye matope mpaka magotini akaifungua, akainusa, akakirudisha nyuma kichwa.

"Iko na harufu ya dawa!"

"Ni ya kikohozi," nikasema.

"Anataka kipa wetu akohoe!"

Arbitre akasimamisha mchezo. Watu wakajaa. Mwalimu Shabani alifika anahema, akaangalia chupa, akaniangalia mimi, akaelewa yote bila kuambiwa. Nilikwisha kuwaza namna mama atakavyoletewa habari.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "huyu? Huyu hawezi kuroga hata kuku. Miaka miwili anaombea timu yangu. Waulizeni hawa vijana kama tulikwisha kushinda hata mara moja."

"Hata mara moja!" timu yetu ikaitika, kwa umoja ambao hatukuwahi kuwa nao tukicheza.

Watu wakacheka, na shati langu likaachiliwa kidogo. Lakini mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi, beseni lingali kichwani, hakucheka.

"Kama ni maombi, si mambo ya giza," akasema, "mutoto aombe kwa sauti. Pale katikati. Sisi wote tusikie."

Wakanipeleka katikati ya uwanja. Pande zote watu, Wakristo na Waislamu. Nilikuwa na sauti ya padri tayari, miwani na pumzi na kila kitu. Nikatafuta mzaha mmoja wa kuanzia, sikuupata. Nikamtazama Kalonda, mbali kule golini kwake. Alikuwa amesimama tayari, magoti yamekunjwa, kama mpira unaweza kuja wakati wowote.

"Mungu," nikasema, "nilikuambia ufunge goli ile, sikujua zinabadilishana. Weye ulikuwa unajua. Fungua. Sikuombi kushinda, nimeona mimi sijui kuomba ushindi. Huyu Kalonda anakimbiliaga mupira hata tukifungwa sita. Nakuomba asichoke. Na kipa wa hapa naye asichoke. Na sisi wengine, utupatie kidogo ile kitu uliyompa Kalonda. Amina."

"Amina," uwanja mzima ukasema. Ilikuwa amina kubwa kuliko zote za kazi yangu, na nusu yake ilitoka kwa watu waliotaka kunipiga.

Nililetewa chupa yangu. Mchezo ukaendelea, na Lusangi wakatufunga.

Ndiyo, palepale. Shuti la chini, kwenye kona. Ramazani alikaa chini. Mabeki walishika viuno. Mwalimu Shabani alikuwa anaangalia saa ya arbitre kutoka mbali, kama mtu anayeweza kuisoma. Nami nilikuwa nimeanza kuwaza mbegu za mihogo. Mpira ulikuwa umevuka mstari, umeshuka kwenye mteremko, umeingia kwenye majani marefu. Na Kalonda akaenda. Mbio. Akatokea upande mwingine na mpira kifuani, majani kichwani, akauvuka uwanja wote mbio hadi katikati, akauweka chini mbele ya Ramazani.

"Inuka," akamwambia. "Bado filimbi."

Arbitre alikuwa amekwisha kuiweka filimbi mdomoni. Akaona mpira uko katikati tayari. Akaitoa. Kama Kalonda angetembea, ingelia, na huu ungekuwa mwisho wa habari.

Tulikuwa na shambulio moja tu. Mpira ukaenda kushoto, ukarudi, ukagonga mlingoti, bila shaka ukagonga mlingoti, na Ramazani akageuka kunipigia kelele mimi. Alikuwa bado anafungua mdomo wakati mpira ulipompiga kisogoni na kuingia golini. Ni goli zuri kuliko yote ya timu yetu, na mfungaji hakuliona.

Goli moja kwa goli moja. Filimbi.

Kamyo lilipotupitia likitoka Salamabila, tulirudi Kasongo tunaimba juu ya magunia matupu, kama watu waliochukua kombe. Papa Prefe alikuwa anatungoja getini. Jembe lilikuwepo.

"Mulishinda?"

"Hatukushindwa, Papa Prefe," nikasema kwa sauti yangu nzuri.

"Sikuuliza hivyo."

Mwalimu Shabani akamuambia matokeo. Papa Prefe akafikiri, akageuza jembe mkononi.

"Nilisema mukishinda, wote wenu. Mukishindwa, wote wa mihogo. Sare ni nusu. Nalima nusu."

Tukamgeukia mwalimu wetu wa hesabu atuokoe. Alifikiri sana, midomo ikitembea. Hakupata kosa ndani yake.

Basi ndivyo uwanja ulivyo leo, Neema, na wewe umeukuta hivyo. Nusu ya upande wa jikoni imekuwa mihogo, majani yake tunayala kwa wali, na mlingoti wa kule unafungiwa mbuzi wa internat. Nusu ya upande huu ni yetu kabisa, haisemwi tena, Papa Prefe ni mtu wa neno lake. Tunacheza na goli moja. Timu zote mbili zinashambulia hapohapo, na Kalonda anazilinda zote mbili, hana upande.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku yako ya kwanza. Nilikupa kitenge, nikakupa chupa, nikakuonya juu ya harufu. Wachezaji wakasimama, wewe ukaangalia kulia, ukaangalia kushoto, ukanijia.

"Yaya," ukasema, kama wadogo wote wanavyotuita sisi wakubwa wao, "sasa niombee upande gani?"

Nikataka kukujibu kwa busara, kama mstaafu. Lakini goli lilikuwa moja tu, na mbele yake Kalonda amekwisha kukunja magoti.

"Omba kidogo," nikasema, "halafu angalia yule."

Ukaomba kidogo. Arbitre akapiga filimbi. Shuti la kwanza likapita juu, mbali sana, likaangukia mihogoni, na kabla wengine hatujajua limeanguka wapi, majani yalikuwa yanatikisika.